Rangi inayong'aa: kuona uhai na kifo ndani ya mzizi wa mahindi



Ku soko ya Likasi kila mtu anamjua kambisti na taa yake ndogo ya zambarau. Unamupa dola 20, anaiweka chini ya ile taa, mstari wa kijani unatokea mahali ambapo jicho lilikuwa halioni kitu. Dola 100 inatoa mstari wa waridi, dola 5 wa bulu. Mstari ukikosa, anakurudishia feza yako.

Somo la mara hii linaanzia hapo, lakini si somo la feza. Wataalamu wa mimea na wa magonjwa wanatumia kazi ileile ya taa na rangi kuangalia vitu vidogo ambavyo jicho haliwezi kufika: seli ya mzizi, utando wake, njia ambayo sukari inapita kutoka jani mpaka kiazi. Na kwa sisi tunaolima kati ya Likasi, Kambove na bonde la Lufira, ambapo bulongo ina shaba na kobalti karibu kila upande, mambo waliyoyaona kwa njia hiyo yanagusa shamba letu moja kwa moja. Mwishoni kuna jaribio la makopo ambalo kila kooperative inaweza kulifanya bila mashine hata moja.

Mwanga unaingia na rangi moja, unatoka na ingine

Taa ya kambisti inatoa mwanga ambao sehemu yake kubwa jicho letu halioni. Vitu vingine vikipigwa na mwanga huo vinaumeza, vinabaki na nguvu kidogo, halafu vinatoa mwanga mwingine ambao tunauona. Ukizima taa, na wenyewe unazimika palepale. Wataalamu wanaita jambo hilo floresensi.

Aliyelieleza vizuri kwanza ni George Stokes wa Uingereza, mwaka 1852. Miaka 7 mbele yake, mwaka 1845, John Herschel alikuwa ameona maji yenye kinini yanatoa mwanga wa bulu juu yake. Kinini ileile ya malaria! Hapa Kongo tunaijua: magome ya mti wake yanatoka Kivu, na kiwanda cha Pharmakina kule Bukavu kimekuwa kikitoa dawa ndani yake kwa miaka mingi.

Kama kooperative inaweza kupata taa ya kambisti kwa saa moja, nunueni chupa moja ya toniki, ile soda chungu, maana uchungu wake unatokana na kinini. Ingieni mu nyumba yenye giza, muwashe taa. Soda inawaka bulu. Sasa mutie kijiko cha chumvi, mukoroge. Mwanga unapungua. Kinini haijatoka, bado iko mule mule, lakini chumvi inaibia ile nguvu kabla haijawa mwanga. Mulikumbuke hilo, kwa sababu ndiyo siri ya somo lote: rangi ya kung'aa inatoa habari ya mahali ilipo. Kama jirani yake amebadilika, mwanga unabadilika.

Jaribio la pili ni la bure zaidi. Pondeni majani mabichi ya muhogo, sombe yenyewe, muyaloweke katika alkoli ya famasi kwa nusu saa, muchuje. Maji yanatoka kijani. Chini ya taa yanang'aa rangi nyekundu kama damu. Ile ni klorofili, rangi ya kijani ya jani. Ikiwa ndani ya jani zima, nguvu ya jua inayoingia inatumika kutengeneza chakula, kwa hiyo mwanga mwekundu unaotoka ni kidogo sana. Ukishaipondaponda, nguvu inakosa kazi, inatupwa nje. Watafiti wana mashine za kupima ule wekundu mdogo juu ya jani lililo shambani, na wanajua kama mmea unateseka kabla jani halijawa la manjano. (Tuangalie: alkoli inashika moto haraka, kwa hiyo mbali na mbabula. Na ile taa hatuitazami machoni, wala hatuimulike mtoto usoni.)

Utando: mlango wenye mlinzi

Kila mmea na kila mnyama umejengwa kwa seli. Seli ni kama chumba kidogo sana, hata mia zikipangwa mstari mmoja zinakuwa urefu wa milimita chache tu. Seli ya mmea ina ukuta nje, mgumu, na nyuma ya ukuta kuna utando mwembamba wa mafuta. Ukuta ni kama uzio wa matete: maji na vitu vidogo vinapita tu. Utando ndio mlango wenye mlinzi. Unaamua potasiumu iingie, sukari isitoke, sumu ibaki nje. Seli yenye utando uliopasuka imekufa, hata kama ukuta wake bado umesimama na ukiangalia kwa jicho unafikiri ni nzima.

Mama yeyote amekwisha kuona utando unapasuka, hata kama hakuna aliyemwambia ni nini. Chukua lengalenga ile ya majani mekundu, au biteravi. Osha vizuri, kata vipande, osha tena mpaka maji yatoke meupe. Weka nusu katika maji baridi, nusu katika maji ya moto. Baada ya dakika kumi maji baridi bado ni meupe, au yana rangi kidogo tu. Ya moto yamekuwa mekundu kabisa. Rangi ilikuwa imefungiwa ndani ya seli. Moto umevunja tando, mlinzi amekufa, rangi imekimbia.

Lengalenga ina rangi yake yenyewe, ndiyo maana tunaona. Mzizi wa mahindi hauna rangi. Basi mtaalamu anauletea rangi kutoka nje.

Namna ya kufuatilia kwa rangi

Rangi iliyo maarufu kuliko zote inaitwa floreseini. Adolf von Baeyer wa Ujerumani aliitengeneza mwaka 1871, na mpaka leo iko katika kila kliniki ya macho. Mkulima akipalilia mahindi marefu, jani likamkwaruza jicho, anakwenda kwa daktari. Daktari anagusisha kikaratasi chenye rangi ya chungwa ndani ya kope, anawasha taa ya bulu. Jicho zima halishiki rangi, kwa sababu ngozi ya juu ya jicho imefungwa vizuri. Pale penye mkwaruzo rangi inazama, panang'aa kijani. Hivyo daktari anaona kidonda chembamba kama unywele. Hapo nitoke kidogo nje ya somo: mkwaruzo wa jani si wa kuudharau, maana kuvu za shambani zinaweza kuingia humo na kuharibu jicho. Usitie dawa za mitishamba. Nenda kuonana na daktari siku ileile.

Kwa mizizi, wataalamu wanatumia ndugu ya floreseini, floreseini diasetati. Ni kitu cha akili sana. Chenyewe hakina mwanga. Kinapenda mafuta, kwa hiyo kinapita kwenye utando bila kuzuiliwa. Kikiingia ndani, vimeng'enya vya seli hai vinakikata, kinabaki floreseini tupu. Sasa kinang'aa kijani, na tena hakipendi mafuta, hivi hakiwezi kutoka upesi. Kwa seli kung'aa kijani inabidi mambo mawili yakutane: vimeng'enya vinafanya kazi, na utando ni mzima. Seli iliyokufa inabaki giza.

Rangi ya pili, propidiumu, inafanya kinyume. Utando mzima unaikataza kabisa. Ikikuta utando umepasuka inaingia mpaka kwenye kiini cha seli, inashikamana na DNA, inang'aa nyekundu. Katika mzizi mzima inapaka kuta tu, unaona kama wavu mwekundu mwembamba na vyumba vyeusi katikati. Katika mzizi uliokufa vyumba vyenyewe vina kipande chekundu ndani. Mtaalamu anatia rangi zote mbili kwa wakati mmoja, anaweka ncha ya mzizi chini ya mikroskopu yenye taa ya namna ileile, na anahesabu: kijani ngapi, nyekundu ngapi.

Kuna rangi za kazi zingine. Moja inashika kuta za seli na ngozi ya kuvu, kwa hiyo kuvu iliyojificha ndani ya jani inaonekana kama uzi mweupe wa bulu. Ingine, oramini, inashika ukuta wenye nta wa vijidudu vya kifua kikuu. Vinawaka manjano juu ya giza, na muuguzi wa labo anaviona haraka zaidi kuliko kwa njia ya zamani. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilipendekeza mikroskopu za namna hiyo zenye taa za LED mwaka 2011. Katika mji wa migodi kama wetu, ambapo vumbi la mawe linadhoofisha mapafu, hiyo si habari ndogo.

Shaba na ncha ya mzizi

Sasa tufike shambani. Mzizi hauongezeki urefu wake mahali pote. Unakua kwa ncha tu, milimita chache za mwisho. Ndiyo seli changa zinazogawanyika na kunyooka, na ndizo zinazogusa bulongo mpya kwanza. Nyuma kidogo ya ncha kuna kitu kingine cha kushangaza: mduara wa seli zenye mkanda usiopitisha maji kati yao, kama saruji kati ya matofali. Maji na vitu vinavyopita ndani ya kuta vikifika pale vinagonga. Lazima viingie kwa mlango wa utando, mlinzi avikague. Mkanda huu unaonekana vizuri sana kwa rangi za kung'aa. Lakini katika ncha changa mkanda bado haujafungwa. Pale mzizi uko wazi, na pale ndipo madini mengi yanapoingia.

Mmea unahitaji shaba, lakini kidogo kama chumvi ya mboga. Ikizidi, inaharibu mafuta ya utando, yanachacha kama mafuta ya mawese yaliyokaa juani. Utando unaanza kuvuja, potasiumu inatoka. Mzizi uliowekwa katika maji yenye shaba nyingi, ukitiwa zile rangi mbili, unaonesha ncha yenye vyumba vyekundu wakati jani la juu bado ni kijani na zuri. Mkulima juu ya ardhi haoni kitu. Baada ya majuma mahindi yanabaki mafupi, majani ya manjano, na tunasema "ni mvua" ao "ni mbegu". Kumbe mmea ulikosa mizizi tangu wiki ya kwanza: iko mifupi, minene, ya kahawia, haina nywele, haiwezi kushuka kutafuta maji. Ndiyo maana shamba la namna hiyo linakauka haraka jua likipiga siku kumi tu.

Na shaba siyo peke yake. Bulongo yetu nyekundu ya Haut-Katanga ni chachu, na bulongo ikiwa chachu sana aliminiumu iliyo ndani ya udongo inayeyuka. Aliminiumu inasimamisha ncha ya mzizi kwa saa chache tu. Kuna rangi inayoitwa morini ambayo ikikutana na aliminiumu inawaka kijani. Ukiitia katika mzizi wa mmea mnyonge unaona ncha imewaka, na katika mzizi wa mmea unaostahimili ncha iko giza, kwa sababu mmea huo unatoa asidi zake kuifunga aliminiumu huko nje. Watafuta-mbegu wa nchi nyingi wanachagua aina za ngano na mahindi zenye mizizi inayostahimili namna hiyo.

Shaba inaleta taabu moja kwa watafiti wenyewe: inazima rangi nyingi za kung'aa, kama chumvi ilivyozima kinini. Mtu akiona giza katika seli anaweza kusema "imekufa", kumbe ni shaba imezima taa. Kwa hiyo mtafiti mzuri anaosha mzizi kwanza, na daima anaweka mzizi mwingine wa kulinganisha, usiopata shaba. Sisi pia tutafanya hivyo na makopo yetu.

Nani anaishi juu ya shaba bila shida? Wazee wanalijua ua lile dogo la zambarau, Haumaniastrum katangense, linaloota mahali penye madini. Wataalamu wa vitu vya kale wamelifuata wakapata sehemu ambapo watu wa zamani walikuwa wanayeyusha shaba. Kuna pia nyasi fupi, Microchloa altera, ambayo watafiti wa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kuipanda huko Penga Penga, mtaa wa Lubumbashi uliochafuliwa na moshi wa kiwanda, pamoja na chokaa na mbolea ya kuoza. Nyasi inashika ardhi ili vumbi lisiruke. Ukiona shambani pako majani haya yanaota yenyewe na mahindi yanakataa, ardhi imekwisha kukupa jibu.

Jaribio la makopo

Hatuna mikroskopu yenye taa, na hatuihitaji kwa kazi hii. Kama ncha za seli zinakufa, mzizi unakuwa mfupi, na urefu unapimwa na rula ya mtoto wa shule.

Tafuteni makopo manne ya ukubwa mmoja, muyatoboe chini. La kwanza lijazwe udongo wa shamba lenye mashaka. La pili, udongo huohuo uliochanganywa na chokaa. La tatu, udongo huohuo na samadi iliyooza vizuri, robo ya kopo. La nne ni la kulinganisha: udongo kutoka mahali mnapojua mahindi yanatoka mazuri kila mwaka, mbali na kiwanda na mbali na mto unaopitisha maji ya kiwanda. Chokaa hapa kwetu si mbali, mawe ya Kakontwe yako ndani ya Likasi yenyewe. Kwa kopo, nusu kijiko cha chai kwa kilo 2 za udongo inatosha. Ni kama tani 2 kwa hektari. Chokaa iliyochomwa isiyozimwa inaunguza mikono na macho, kwa hiyo mutumie ile iliyozimwa ao mawe yaliyosagwa, na kitambaa puani. Muchanganye wiki mbili mbele ya kupanda, mukiweka unyevu kidogo.

Halafu pandeni mbegu tano kila kopo, mbegu za mfuko mmoja. Maji ya kisima ao ya mvua, si ya mto. Siku ya saba mwagueni kopo lote ndani ya beseni la maji, muoshe mizizi polepole bila kuivuta, mupime mzizi mrefu wa kila mche, muandike. Angalieni pia rangi ya ncha: mzizi mzima ni mweupe na wenye nywele nyembamba.

Kama kopo la kwanza lina mizizi mifupi sana kuliko la nne, na la pili limenyooka, basi uchachu ndio adui mkubwa na chokaa itawasaidia. Chokaa inasimamisha aliminiumu na inafunga pia sehemu kubwa ya shaba kwenye udongo, haiingii tena kirahisi katika mzizi. Kama la tatu ndilo limenyooka, samadi imeishika shaba, kwa maana kitu kilichooza kinaipenda sana shaba. Kama yote matatu yamebaki mafupi, msipoteze feza ya mbegu na mbolea hapo. Pelekeni udongo wapimwe, Lubumbashi kuna labo za chuo kikuu, na kwanza mjue pH na shaba ni kiasi gani. Udongo wa kichuguu pia unafaa kujaribiwa katika kopo la tano. Vile vichuguu vikubwa vya kwetu vina chokaa nyingi kuliko ardhi ya kando yake, na wazee hawakuwa wajinga kupanda mboga juu yake.

Chokaa si dawa ya kumwaga bila kipimo. Ikizidi, zinki na chuma na fosfori vinafungwa vilevile na mahindi yanapauka. Na usiichanganye siku moja na ureya ao samadi mbichi, nitrojeni nyingi itapanda hewani, utasikia harufu yake kali puani.

Jambo moja zito. Mzizi mzuri hauna maana kwamba mboga ni safi. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda wana kobalti mingi sana katika mkojo kuliko wanaokaa mbali, na watoto wako katika hatari zaidi. Inaingia kwa vumbi, kwa maji na kwa chakula. Mboga ya majani, lengalenga kwanza, inakusanya madini kuliko punje ya mahindi. Kwa hiyo shamba lenye mashaka lilimwe mahindi na si bustani ya majani. Mboga zipelekwe mbali na barabara ya malori ya minere. Na ku nyumba majani yaoshwe mara tatu kwa maji safi, maana vumbi la juu ya jani linaondoka, lililo ndani ya jani haliondoki.

"Mahindi yangu haing'ae, njo kusema iko muzuri?"

Swali hili linaulizwa mara mingi tangu taa za zambarau zimekuwa rahisi, na kuna watu wanaoziuza wakisema zinapima sumu ya mahindi. Tujibu wazi: hapana, taa haitoshi.

Sumu yenyewe ni aflatoksini, inatoka kwa kuvu ya rangi ya kijani-manjano. Ilijulikana baada ya mwaka 1960, batamzinga zaidi ya laki moja walipokufa Uingereza kwa kula chakula cha karanga zilizooza. Katika labo, ikishatolewa na kusafishwa, kweli inang'aa: majina yake B na G yametoka kwa maneno ya Kiingereza ya bulu na kijani. Lakini ule mng'ao wa kijani-manjano unaouona juu ya punje iliyopasuka si aflatoksini. Ni asidi ingine ya kuvu ileile, iliyobadilishwa na vimeng'enya vya punje wakati ilikuwa bado hai. Maana yake punje inaweza kung'aa na kuwa na sumu kidogo, na ingine ising'ae na iwe na sumu ya kuua. Ukiona mng'ao, toa lile gunia kando na upime. Usipoona mng'ao, hujajua kitu.

Kenya, mwaka 2004, katika wilaya za mashariki kama Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa mahindi ya nyumbani kwao, mahindi waliyohifadhi yakiwa na unyevu. Hakuna kambisti angeweza kuwaambia. Kinachosaidia ni kuvuna mapema, kuanika juu ya hema ya plastiki na si chini, kutoa punje zilizovunjika na zenye kuvu kwa mkono. Kujua kama zimekauka, tia chumvi kavu kijiko kimoja na punje robo chupa ndani ya chupa kavu, tikisa, acha dakika kumi na tano: chumvi ikigandamana kwenye kioo, bado hazijakauka za kuweka ghalani. Na punje mbovu usizipe kuku ao kutengenezea munkoyo. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo.

Sukari inakwenda wapi

Tumalizie kwa habari ndogo ambayo mama wanaouza sombe watabishana nayo. Rangi ingine iliyo ndugu ya floreseini ikitiwa juu ya jani lililokwaruzwa kidogo, inaingia katika mirija inayobeba sukari na inasafiri nayo. Mwaka 2001 watafiti waliifuata hivyo katika viazi ulaya: shina la chini lilipoanza kuvimba kuwa kiazi, rangi ilitoka kwenye mirija ikapita kutoka seli mpaka seli kwa vishimo vidogo vya ukutani. Kiazi kilikuwa kimefungua milango yake ya ndani kupokea sukari. Milango inapokea kinachotoka majani. Mhogo nao unajaza mizizi kwa sukari ya majani, kwa hiyo ukichuma sombe mpaka shina linabaki na kichwa tu, mzizi unangoja mzigo ambao haukutumwa. Chuma machanga machache kwa kila mti, acha mapana ya chini yafanye kazi, na zunguka shamba ili mti mmoja usirudiwe kila juma.

Kwa mkutano ujao, kila kikundi kilete daftari ya makopo yake: urefu wa mizizi, udongo umetoka wapi, mto gani uko karibu. Jadilini pia haya. Kwa nini tunahitaji kopo la nne? Kama mtoto wa shule akiuliza kwa nini maji ya biteravi ya moto ni mekundu, mtamjibuje? Na nani katika kijiji ana shamba ambapo ua la shaba limeota mwaka huu, na kuna nini kimepandwa pembeni yake?